Mti ukiisha, biashara huhama

Mwabungo iko kando ya barabara iendayo Lungalunga, ukishapita Ukunda na kabla hujafika Gazi. Ni nchi ya minazi, mikorosho na uvuvi. Udi si mti wa hapa, wala si wa popote katika Afrika Mashariki. Hata hivyo, kupata nyumba isiyo na chetezo ni kazi. Udi hufukizwa bibi harusi anapotolewa, mzazi anapotimiza arubaini, nguo za Idi zinapotoka sandukuni, na hata jioni za kawaida mgeni anapotarajiwa. Ukienda Ukunda kuununua hukosi. Rafu za maduka ya manukato zimejaa vikopo na vichupa, na bei zinaanzia kiasi ambacho hata mtu wa kibarua anakimudu.

Katika misitu unakotoka, mambo ni kinyume. Mwaka 2018 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, liliuweka mti mkuu wa udi, Aquilaria malaccensis, katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Ziko sehemu za Asia ya kusini-mashariki ambako mchumaji hutembea siku nyingi msituni na kurudi mikono mitupu. Swali basi ni hili: inakuwaje bidhaa ambayo mti wake unakwisha porini izidi kujaa madukani?

Jibu ni kwamba biashara ya manukato haifi pamoja na mti wake. Mti mmoja ukimalizwa, wafanyabiashara huhamia mti wa jamaa yake, au nchi ya jirani, au maabara, na mnunuzi huendelea kununua kwa jina lile lile. Uhaba hauonekani dukani, mahali ambapo ungemfanya mtu asite. Unaonekana msituni, mbele ya watu ambao hawana neno katika kupanga bei. Pwani ya kusini ya Kenya inalifundisha hili vizuri kuliko sehemu nyingi, kwa sababu inanunua harufu ya misitu ya wengine, na misitu yake yenyewe na ya jirani zake imewahi kuvunwa kwa ajili ya wanunuzi wa mbali.

Mti unaotafutwa kwa ajili ya maradhi yake

Udi hutokana na miti ya jenasi ya Aquilaria na jamaa yake Gyrinops. Huota kuanzia Assam, kaskazini-mashariki mwa India, na Sylhet nchini Bangladesh, ikapita Thailand, Laos, Kambodia na Vietnam, hadi Malaysia, Indonesia na kisiwa cha Guinea Mpya. Mti ukiwa mzima hauna thamani ya kutajika. Ubao wake ni mweupe, laini na mwepesi, na haunukii. Thamani huja mti ukijeruhiwa. Tawi likivunjika, mdudu akitoboa shina au radi ikipiga, kuvu huingia kwenye jeraha, na mti hujikinga kwa kutoa utomvu mzito, mweusi, unaolowesha ubao kutoka ndani. Ubao huo uliolowa utomvu ndio udi. Kipande kilichokolea sawasawa huzama kikitiwa majini. Kisichokolea huelea.

Tatizo ni kwamba si kila mti hupatwa na jeraha la namna hiyo. Kadirio linalotajwa mara nyingi ni mti mmoja katika kila kumi, na kwa kuutazama kwa nje ni vigumu kujua ni upi. Mchumaji wa zamani, aliyekulia msituni, alijua kusoma dalili: matawi yaliyokauka kileleni, uvimbe kwenye gome, njia za chungu. Alichonga kidogo, akatazama rangi, na pasipokuwa na kitu akauacha mti uendelee kuishi. Bei ilipopanda waliingia watu wa msumeno wasio na muda wa kusoma dalili. Hao hukata kumi ili wapate mmoja, na tisa iliyobaki huozea chini.

Biashara hii ina jambo jingine linaloitofautisha na ya samaki au ya mbao za ujenzi. Kwa kawaida bei ikipanda mno wanunuzi hupungua, na mti au samaki hupata nafuu. Kwa udi wa daraja la juu, mnunuzi, awe tajiri wa Riyadh au mkusanyaji wa China au Japani, hununua kwa sababu bidhaa ni adimu. Kuadimika kwenyewe ni sehemu ya sifa. Kwa hiyo mti wa mwisho katika bonde fulani una thamani kubwa kuliko wa kwanza, na mtu yuko tayari kuufuata mbali zaidi. Hakuna kiwango cha uhaba ambacho soko lenyewe litasema basi.

Serikali za dunia zilijaribu kulisemea soko. Februari 1995, Aquilaria malaccensis iliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Kuanzia Januari 2005 miti yote ya jenasi hizo mbili ilifuata. Sababu ya kuijumuisha yote ni ya kiforodha zaidi kuliko ya kibotania: ofisa aliyefungua gunia la vipande vya udi hawezi kujua vimetoka katika mti upi. Lakini Kiambatisho cha Pili hakikatazi biashara. Kinadai kibali kutoka nchi inayouza, chenye kuthibitisha kwamba uvunaji hautaumaliza mti. Kibali hutolewa mjini, na uvunaji hufanyika mahali ambapo aliyekitoa pengine hajawahi kufika.

Lililobadilisha soko zaidi ya mkataba ni mashamba. Huko Hojai, Assam, familia zimepanda miti ya udi katika viunga vya nyumba zao kwa vizazi, na ndiko alikotoka Haji Ajmal Ali, mwanzilishi wa kampuni ya Ajmal ambayo leo majina ya manukato yake yanajulikana katika kila duka la Ghuba. Thailand, Vietnam na Malaysia nazo zimepanda kwa wingi. Kwa kuwa mti wa shamba hauwezi kusubiri radi, mkulima hutoboa shina kwa keekee na kutia kuvu au dawa, kisha hungoja miaka michache. Udi unaopatikana ni mwepesi wa harufu na nafuu wa bei.

Wakati huohuo wateja waliongezeka kutoka upande ambao haukutarajiwa. Mwaka 2002 nyumba ya Yves Saint Laurent ilitoa marashi yaitwayo M7, yaliyojengwa juu ya harufu ya udi, na katika miaka iliyofuata hapakuwa na kampuni kubwa ya manukato ya Ulaya isiyokuwa na chupa yenye jina hilo. Sehemu kubwa ya harufu hiyo hutungwa maabara. Mtu angedhani kwamba mashamba na maabara vingeupumzisha mti wa porini. Vimelilisha soko la chini na la kati, hilo ni kweli, lakini kadiri udi wa shamba unavyozidi, ndivyo wa porini unavyozidi kutajwa kwa heshima, na ndivyo bei yake inavyojitenga na nyingine.

Kilichomo chetezoni

Mabadiliko yote hayo yanaweza kusomwa katika chetezo kimoja cha Mwabungo, na anayejua kuyasoma si mtaalamu wa misitu. Ni somo au shangazi aliyepewa kazi ya kufukiza nguo za harusi.

Kwanza hungoja makaa. Makaa ya vifuu yakishika huachwa mpaka yavae jivu jeupe, kwa kuwa moto mkali huunguza udi kabla haujatoa kilichomo. Kisha huweka kipande na kuinama kutazama. Udi wa kweli huanza kutoa jasho pembezoni: utomvu huchemka kwa vijipovu vidogo, moshi hupanda mwembamba, na harufu hubadilika kadiri inavyokwenda, ikianza na utamu na kumalizia na kitu kizito kinachokaribia ngozi na ardhi. Leso iliyofukizwa leo hunukia mpaka kesho kutwa. Kipande cha ubao uliopakwa rangi na kuloweshwa mafuta ya maabara hufanya haraka. Hutoa moshi mzito papo hapo, hunukia marashi kwa dakika chache, halafu chumba kizima kikabaki na harufu ya ukuni.

Uko tena udi uliopikwa, ambao akina mama wa pwani wana ujuzi nao tangu zamani: sukari huyeyushwa, vikatiwa vipande vya udi, unga wa sandali, miski na mafuta ya aina aina, kila nyumba na siri yake. Huo haukuwa udanganyifu. Ulikuwa njia ya kukifanya kipande kidogo cha bidhaa ghali kihudumie harusi nzima. Kilichobadilika ni kwamba zamani udi ulikuwa ndio msingi na sukari ilikuwa ya kuubeba. Katika vikopo vingi vya bei rahisi leo msingi ni unga wa mbao na mafuta ya kiwandani, na hakuna udi ndani yake hata kidogo. Jina limebaki kwenye kifuniko.

Njia za udi wa kweli nazo zimebadilika. Zamani ulikuja kwa majahazi na mizigo ya wafanyabiashara wa Kihindi na wa Ghuba, ukauzwa Mji wa Kale wa Mombasa, na kutoka huko ukasambaa vijijini. Sasa njia kuu ni Dubai, na pia masanduku ya wanawake wa pwani wanaofanya kazi za nyumbani Saudi Arabia, Qatar na Oman. Binti akirudi likizo, zawadi ya mama ni kikopo cha udi au tola moja ya mafuta, gramu zisizozidi kumi na mbili, na ugawaji wake huwa na siasa yake katika familia. Katika nyumba nyingi huo ndio unaofungiwa kabatini kwa ajili ya mambo mawili, harusi na sanda, na wa dukani ukabaki kwa siku za kawaida. Kushuka kwa mti wa Asia kumefika hapa kwa sura hiyo. Hakuna aliyekosa cha kufukiza. Kilichotokea ni kwamba kitu cha kila siku kimegeuka kuwa akiba, na mahali pake pamejazwa na kitu kingine.

Zamu ya msandali

Mkondo huohuo ulipita Kenya kwa mlango mwingine. Sandali ya India, Santalum album, ina historia ya zaidi ya miaka mia mbili ya kuwekwa chini ya dola. Mwaka 1792 Tipu Sultan wa Mysore aliutangaza kuwa mti wa kifalme, na serikali zilizofuata ziliendeleza amri hiyo: mti ukiota shambani mwako, wenyewe ni wa serikali, lakini lawama ya kuibiwa ni yako. Matokeo yake wakulima waling'oa miche kimyakimya kabla haijaonekana, na miti iliyobaki ikaangukia mikononi mwa wezi. Jangili Veerappan, aliyeuawa na polisi Oktoba 2004, aliishi miongo kadhaa msituni kwa pembe za ndovu na sandali. Jimbo la Karnataka lilipolegeza sheria mwanzoni mwa karne hii ili mwenye shamba awe mwenye mti, uhaba ulikuwa umeshalifikia soko, na soko lilikuwa limeanza kutafuta kwingine.

Sehemu moja ya huko kwingine ilikuwa Australia. Nyingine ilikuwa Afrika Mashariki, ambako huota mti wa ukoo huohuo, Osyris lanceolata, yaani msandali wetu. Ni mti mdogo wa vilima vya mawe na nchi kavu: Samburu, Laikipia, Baringo, Pokot Magharibi, Kajiado, vilima vya Chyulu na Taita. Wafugaji waliutumia tangu zamani kwa dawa na kwa kutia katika supu na chai, wakibandua gome kidogo na kuacha mti umesimama.

Kwa mnunuzi wa mafuta, kubandua hakutoshi. Mafuta yamo katika kiini cha shina na zaidi katika mizizi, kwa hiyo mti haukatwi, unang'olewa. Wachimbaji huzunguka shina kwa sururu, hufuata mizizi mikubwa mpaka inapopungua, kisha huuinua mti wote na kuukatakata vipande vya kuingia guniani. Kinachobaki ni shimo. Hakuna kisiki cha kuchipua. Mti wenyewe hukua polepole na, kama jamaa zake wote, huunganisha mizizi yake na ya miti ya jirani ili kunyonya chakula, kwa hiyo hauoti vizuri popote utakapotupwa. Isitoshe una dume na jike mbalimbali, na wachimbaji hupendelea jike wakiamini lina mafuta mengi. Kilima kilichobakiwa na madume kinaweza kuonekana bado kina msandali, kumbe hakina mbegu tena.

Mwaka 2007 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uvunaji wa msandali. Magendo hayakuisha. Yalivuka mpaka kwenda kwa majirani ambako mafuta yangeweza kukamuliwa, kwanza Tanzania, baadaye Uganda, na mti wa Kenya ukasafiri ng'ambo ukiwa na asili nyingine. Ndiyo maana mwaka 2013, katika mkutano wa CITES uliofanyika Bangkok, misandali ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Ethiopia iliingizwa pamoja katika Kiambatisho cha Pili. Mwaka huohuo Kenya ilipitisha sheria mpya ya wanyamapori yenye adhabu kali kwa wanaofanya biashara ya viumbe walio hatarini.

Tangu hapo habari za kukamatwa kwa malori hazijakoma. Ukizisoma kwa mfululizo utaona kwamba washtakiwa hufanana: dereva, utingo, mtu wa kuchimba. Mwenye mzigo hutajwa mara chache, na mnunuzi wa ng'ambo hatajwi kabisa. Sheria inamshika aliye karibu na shimo kwa sababu ndiye anayeonekana. Anayepata faida yuko mbali na shimo, na aking'olewa Samburu anaweza kununua kwingine.

Kabla ya msandali kulikuwa na muhuhu, Brachylaena huillensis, mti wa misitu mikavu ya pwani kama Arabuko-Sokoke. Si wa ukoo wa sandali, lakini mafuta yake yana harufu ya kuukaribia, na ubao na mafuta yake viliuzwa India mahali pa sandali. Papo hapo ulikuwa mti wa wachongaji wa vinyago wa Mombasa na Malindi. Ulipopungua, wachongaji walihamia mwarobaini na mwembe, miti inayokua upesi na iliyojaa viungani mwa watu. Walibembelezwa na mashirika ya uhifadhi kufanya hivyo, na wengi walikubali kwa sababu mwarobaini ulikuwa karibu na bei yake nafuu. Mfano huu una uzito. Unaonyesha kwamba kuhama kwa biashara si kubaya kwenyewe. Ubaya ni kuhama kutoka mti mmoja wa porini kwenda mwingine wa porini, kila mara hatua moja mbele ya sheria.

Soko linapokufa

Mtu anaweza kusema basi tiba ni soko life kabisa. Pwani hii imeliona hilo pia, katika habari ya sandarusi.

Msandarusi, Hymenaea verrucosa, ni mti wa misitu ya pwani, na bado unapatikana katika misitu ya Kwale. Utomvu wake, na hasa ule wa kale uliogandia ardhini karne nyingi baada ya miti yake kuanguka, ulikuwa malighafi ya vanishi bora kabisa ya karne ya 19. Baada ya Sayyid Said kutia saini mkataba na Marekani mwaka 1833, wafanyabiashara wa mji wa Salem, Massachusetts, waliununua kwa shehena kutoka Unguja. Watu wa Mrima, yaani pwani ya bara, waliuchimba katika mashamba na misitu, ukaoshwa, ukapangwa kwa madaraja, na hatimaye ukang'arisha magari ya farasi na samani za Boston na London. Kisha ukaja ushindani wa sandarusi ya Kongo na ya New Zealand, halafu katika karne ya 20 utomvu wa viwandani. Soko likafa.

Je, msandarusi ulipona? Kuchimbwa kulikoma, lakini msitu haukupata mlinzi kwa sababu hiyo. Ulipokosa bei, ulibaki kuwa ardhi tu, na ardhi ina wateja wengine. Kusini, Ramisi, palipandwa miwa. Diani, msitu wa mawe ya matumbawe ulikatwa vipande kwa hoteli na nyumba za kifahari, na mbega wakabaki wakivuka barabara kutafuta majani. Bara kidogo ulikuja mgodi wa titani. Mti usiokuwa na thamani yoyote sokoni hauna wa kuusemea siku ya kugawa viwanja. Kwa hiyo msitu wa harufu unaweza kufa kwa njia mbili: bei ikipanda mno, na bei ikitoweka.

Msitu ambao hautoi kitu

Kati ya njia hizo mbili, kaunti hii ya Kwale ina mfano wa tatu, na uko jirani kabisa na Mwabungo. Kaya Kinondo ni kaya, yaani msitu mtakatifu, wa takriban hekta 30, wa Wadigo, mojawapo ya jamii za Mijikenda, uliosalia mzima karibu na fukwe ambazo bei ya ardhi yake ni ya kutisha. Tangu mwaka 2001 hupokea wageni. Anayeingia hufungwa kitambaa cheusi kiunoni, hupewa mtu wa kumwongoza, na huambiwa kanuni ambayo ni ya zamani kuliko utalii: hakuna kinachotoka, hata jani lililokwisha anguka. Kuni, fito, dawa, utomvu, vyote hubaki, isipokuwa kwa idhini ya wazee na kwa shughuli zinazojulikana.

Kanuni hiyo ndiyo iliyofanya wataalamu wa mimea Ann Robertson na Quentin Luke, walipokagua misitu ya pwani ya Kenya, wakute katika vichaka vidogo vya kaya miti ambayo kwingine ilikuwa adimu au haipo. Mwaka 1992 kaya za kwanza ziliandikwa rasmi kuwa maeneo ya kumbukumbu ya taifa, na Makumbusho ya Kenya yakaanzisha kitengo cha misitu ya pwani chenye ofisi Ukunda. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya kadhaa za Mijikenda, Kinondo ikiwemo, katika orodha ya urithi wa dunia.

Haifai kulipamba jambo hili. Kaya haikuwekwa kwa ajili ya kuhifadhi mimea. Iliwekwa kwa makaburi, viapo na maombi, na miti ilipona kwa kuwa ndani ya mipaka ya vitu hivyo. Uwezo wa wazee kuilinda umepungua. Katika kisiwa cha Chale, kilicho karibu tu na pwani ya Gazi, hoteli ilijengwa miaka ya 1990 kwenye sehemu ya ardhi ya kaya licha ya wazee kulalamika. Vijana wengi hawajui viapo na hawaoni sababu ya kuvijua. Katika Kilifi na Kwale wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi nyuma yake kukiwa na ugomvi wa urithi na shamba. Mzee anayeogopwa hivyo hawezi kumkemea mkata fito. Na hadhi ya UNESCO, pamoja na heshima yake, haina askari wa usiku.

Bado, ukipima kwa matokeo, kanuni ya Kinondo imefanya kazi muda mrefu kuliko kibali cha CITES na kuliko marufuku ya 2007. Sababu haiko katika imani peke yake. Aliyeiweka kanuni anaishi pembeni mwa msitu, anamjua kila anayeingia, na ana cha kupoteza ukiharibika. Katika biashara ya msandali hakuna mtu wa namna hiyo. Mfugaji wa Samburu ambaye kilima ni malisho yake halipwi kwa msandali kubaki umesimama, na haruhusiwi kuuza ukivunwa kwa kiasi. Njia pekee ya mti huo kumpa shilingi ni ya magendo.

Kinachofuata

Kama uchambuzi huu ni sahihi, hatua tatu zinafuata, na hakuna inayohitaji muujiza.

Ya kwanza ni kuufanya msandali kuwa mti wa kupandwa. Taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, KEFRI, imeshughulikia namna ya kuotesha miche na kuiambatanisha na miti ya kuinyonyesha. Kinachomzuia mkulima si ujuzi peke yake. Hakuna anayepanda leo mti wa kungoja miaka mingi bila hakika kwamba siku ya kuvuna hatachukuliwa kuwa mwizi. Marufuku isiyotofautisha mti uliopandwa na uliochimbwa inarudia kosa la Mysore. Lakini ruhusa ikitolewa bila usajili wa mashamba na miche tangu mwanzo, mti wa kilimani utapitishwa kama wa shamba, kama ule wa Kenya ulivyopitishwa kama wa jirani.

Ya pili ni kuhamisha uzito wa mashtaka. Kufunga mchimbaji mmoja hakupunguzi bei inayolipwa nje ya nchi. Kumfilisi mwenye kiwanda au mwenye kontena hupunguza. Hilo linataka polisi, forodha na mahakama za nchi tatu kufanya kazi pamoja, na ni gumu kuliko kusimamisha lori. Ndiyo sababu halifanyiki mara nyingi.

Ya tatu inatuhusu sisi wanunuzi, na ni ndogo. Soko la udi la pwani ni tone katika bahari ya Ghuba na China, na hakuna harusi ya Mwabungo itakayouokoa mti wa Borneo. Lakini duka lisiloulizwa halina haja ya kujua, na muuzaji asiyejua hawezi kuuza udi wa shamba kama wa shamba. Udi uliopandwa Assam au Vietnam, ukapikwa vizuri na mama anayejua kazi yake, ni kitu cha heshima kabisa. Kinachokosekana ni jina la kweli juu ya kopo.

Bila hayo, mkondo utaendelea kama ulivyozoea. Udi ulipopungua ulipata wa shamba na wa maabara, sandali ya India ilipopungua ilipata msandali, na msandali ukiisha utapatiwa mwingine ambao leo hakuna aliyeuwekea jina la biashara. Mfanyabiashara wa manukato hajawahi kukosa mti wa kuhamia. Anayeishi kando ya msitu ndiye asiye na pa kuhamia, na sheria itakayoendelea kumweka nje ya faida itaendelea kumkuta upande wa msumeno.